Uamuzi ni Wako, Wifi

Wifi yangu hakunipenda, nami sikumpenda. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Tulikaa miaka kumi na minne katika jiji hili la Birmingham, yeye Handsworth na mimi Perry Barr, safari ya basi moja tu, na sikumbuki siku hata moja niliyolipanda basi hilo kwa moyo mweupe.

Mimi ni Mkenya, muuguzi. Yeye alikuwa Mkongomani wa Kivu, dada mkubwa wa mume wangu. Walipokimbia vita yeye alikuwa na miaka kumi, mume wangu miwili, na ni yeye aliyembeba mgongoni hadi ng'ambo ya mpaka. Hadithi hiyo niliisikia kwenye kila sikukuu, kila msiba, na mara mbili siku ya harusi yangu. Mume wangu alimwita yaya. Kwao yaya ni dada mkubwa, mtu wa kuheshimiwa. Kwetu Kenya yaya ni msichana anayelipwa kulea watoto wa watu, na siku nilizokasirika nilikuwa nalifurahia neno hilo kimoyomoyo.

Yeye ndiye aliyeamua mambo yote. Aliamua tusali kanisa gani, tupange nyumba gani, nivae kitenge cha rangi gani siku ya harusi. Alichagua kijani kibichi ambacho kwenye picha kinanifanya nionekane mgonjwa. Kwao ilikuwa desturi, wala hakuizua yeye. Jambo zito halibebwi na mwenye jambo. Likimpata mtu, ndugu hukaa chini, huzungumza, kisha mkubwa wao humwendea na kumwambia, "Tumeamua." Naye husema asante. Hata asipopenda husema asante, kwa sababu mambo yakiharibika baadaye, lawama ni ya walioamua, yeye hana dhambi. Anayeambiwa aamue mwenyewe ni mgeni, au ni mtu ambaye ndugu zake wamemchoka. Nilichukua miaka miwili kulielewa hilo, lakini nililielewa vizuri sana.

Nililielewa hospitalini, mimba yangu ya pili ilipoharibika kama ya kwanza. Daktari alinipa njia tatu: ningoje nyumbani, ninywe vidonge, au niingie chumba cha upasuaji. Alizieleza kwa upole, akaniuliza napendelea ipi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kueleza wagonjwa mambo kama hayo, niliangalia dari. Ndipo wifi akaingia na mkoba wake wa kanisani na harufu ya samaki wa kukaanga, akamvuta mume wangu hadi kwenye korido. Walizungumza kwa muda wa mtu kunywa glasi ya maji. Akarudi, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Tumeamua. Unaenda ku opération. Usifikiri tena."

Nikasema asante. Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha nafuu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii mtu alikuwa ameniondolea mzigo mikononi bila kuniuliza kama ni mzito. Nilimpenda kwa muda wa saa kama sita hivi.

Wiki moja baadaye nilikuwa nimelala juu, yeye yuko chini jikoni kwangu na wamama wawili wa kanisa, wakipika sombe, yale majani ya muhogo wanayoyapika nusu siku. Nilishuka ngazi kutafuta maji. Nikasikia sauti yake.

"Tumbo ya ule Mkenya inakataa damu yetu. Ningejua, ningemutafutia mwingine."

Wale wamama hawakucheka sana. Waliguna kwa kukubali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikarudi juu bila maji. Baada ya nusu saa aliniletea sahani ya ugali na sombe, akakaa pembeni ya kitanda kuhakikisha nakula. Nilikula yote. Ilikuwa tamu, na hata leo inaniudhi kwamba ilikuwa tamu. Mimba ya tatu haikuja.

Baada ya hapo niliacha wodi nikahamia kwenye utafiti, kwenye kliniki ya saratani ya matiti. Kazi yangu ni namba. Mwanamke akishafanyiwa upasuaji, kipande cha uvimbe wake hupelekwa maabara, wanaangalia alama zilizomo ndani ya seli, ipi imewaka na ipi imezimika, kisha wanarudisha namba inayokisia kama ugonjwa una nia ya kurudi. Namba ikiwa ndogo, mgonjwa anapewa vidonge vya homoni na kwenda zake. Ikiwa kubwa, anaambiwa ajiandae kwa kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani. Ikiangukia katikati, hapo hakuna mwenye jibu la kukata, na hapo ndipo mimi ninapopata riziki yangu. Utafiti wetu ulikuwa unatafuta namna nzuri ya kumweleza mwanamke namba hiyo ya katikati ili yeye na daktari waamue pamoja.

Tulikuwa na kijitabu chenye safu za watu wadogo waliochorwa, baadhi wamepakwa rangi, kuonyesha wanaopona na wasiopona. Tafsiri ya Kiswahili niliifanya mimi, nikaipenda kama mtu anavyopenda mtoto wa kumzaa, ukichukulia kwamba sikuwa na mwingine. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Hakuna jibu sahihi wala jibu baya. Uamuzi ni wako, na sisi tuko pamoja nawe."

Karibu kila mwanamke akifika ukurasa wa mwisho huinua macho na kuuliza swali lilelile: ungekuwa wewe ungefanyaje? Tulifundishwa kutolidaka haraka. Tunamrudishia kwa upole, tunamuuliza ni nini muhimu zaidi kwake. Lakini tulifundishwa nusu ya pili pia, na ningependa hilo lijulikane, maana watu hudhani mafunzo ndiyo yaliyokosea. Muulize kwanza anataka kuamua kiasi gani, walituambia. Akitaka umsaidie, msaidie. Akitaka maoni yako, mpe. Jambo lenyewe linaitwa kuamua pamoja, na kumtupia mtu mzigo kisha ukaondoka hakumo humo. Nilipata alama zote kwenye mafunzo hayo.

Wifi alipogundua uvimbe alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikaa nao miezi mitatu bila kumwambia mtu, kwa sababu alikuwa anaandaa mkutano wa akina mama wa kanisa na hakuwa na nafasi ya kuugua. Alipoamua kusema alimwambia mdogo wake, kwa simu, na mdogo wake akaniambia mimi huku amesimama bafuni na mswaki mdomoni. Hospitali yake haikuwa hospitali yangu, kwa hiyo nilikwenda naye kama ndugu. Walimkata uvimbe, wakatoa na tezi za kwapani. Baada ya wiki kadhaa namba yake ikarudi, na ilikuwa ya katikati.

Hapa lazima niseme wazi nilichokijua, kwa sababu yote yanasimama juu yake. Wifi alikuwa bado anapata hedhi, na tezi moja ilikutwa na ugonjwa. Kwa mwanamke wa namna hiyo, namba ya katikati inaegemea kwenye kemo. Haisemi kwa sauti, lakini inaegemea. Angekuwa mgonjwa wangu na akaniuliza mara ya pili, ningemwambia, mama, mimi ningechukua. Nimewaambia wanawake wengi hivyo, Wapakistani wa Small Heath, Wajamaika, Waingereza, watu nisiowajua hata majina ya watoto wao.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya raba. Alivuta kiti chake hadi magoti yake yakakaribia magoti ya wifi, akasema wanaweza kumpigia mkalimani kwa simu. Wifi alikataa. Hakutaka sauti ya mtu asiyemjua iseme habari za titi lake, akasema belle-sœur yuko hapa. Aliniita belle-sœur, yaani wifi kwa Kifaransa, siku nzuri. Siku mbaya nilikuwa "mama wa Kenya."

Daktari alieleza namba, akaeleza kemo: nywele, kichefuchefu, uchovu, hatari za moyo na za mishipa. Alieleza pia kinachoweza kupatikana. Nikatafsiri yote, sikupunguza kitu, sikuongeza kitu. Kisha akauliza, na mimi nikatafsiri, "Katika haya yote, wewe kwako lililo muhimu zaidi ni lipi?"

Wifi alimtazama daktari, akanitazama mimi.

"Ananiuliza miye?"

"Ndiyo, wifi."

"Yeye njo docteur. Miye nilisomea wapi? Umuulize yeye angefanya nini."

Nikamuuliza. Daktari akasema kwamba kwa maoni yake faida ya kemo inaweza kuwa kubwa kuliko madhara, lakini kuna wanawake wenye sababu nzuri za kukataa, na hana haraka, achukue wiki moja azungumze na familia yake. Niliitafsiri sentensi hiyo. Naikumbuka kwa sababu nilipoifikia nusu yake ya kwanza, sauti yangu ilishuka, na nilipofika kwenye wanawake wenye sababu nzuri, ikapanda. Hakuna neno nililolidondosha. Mkaguzi yeyote angesikiliza na kunipa cheti.

Wifi aliliona neno familia kama mlango umefunguka. Alisimama, akaweka mkoba begani, akampa daktari mkono. Ndani ya basi alikuwa mchangamfu, akanisimulia bei ya nyama ya mbuzi kwa Wasomali wa Coventry Road, na jinsi alivyowabana hadi wakashusha. Aliamini jambo limeshafika mahali pake. Ndugu watakaa, wataamua, yeye atasema asante.

Ila kulikuwa na tatizo moja, na alilijua kama nilivyolijua. Yeye ndiye alikuwa mkubwa. Hakukuwa na mtu juu yake. Mdogo wake hakuwahi kuamua kitu maishani mwake, hata mimi kunioa aliomba ruhusa. Kwa hiyo jambo la wifi lingeamuliwa na mtu wa mwisho katika ukoo, mwanamke wa kuolewa tu, Mkenya mwenye tumbo linalokataa damu. Nadhani alilifikiria hilo wiki nzima, na nadhani lilimuuma. Hata hivyo alikuja.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, na kitenge chake kizuri na sufuria ya sombe iliyofungwa kwa taulo. Tulikula. Alimsifu mume wangu kwa kunenepa. Aliniambia pazia zangu ni fupi. Chai ilipokwisha mume wangu alikunja mikono mapajani na kusema maneno ambayo alikuwa ameyafanyia mazoezi kwenye gari.

"Yaya, sisi hatujasomea. Lakini iko mutu hapa ndani anajua. Weye," akanigeukia, "weye njo muuguzi. Useme, na sisi tutafuata."

Nikaleta kijitabu changu. Sikulazimika kukileta. Nilikiweka mbele yake juu ya kitambaa cha meza, na yeye akakisoma kwa kidole, polepole, kwa sauti, kama anavyosoma Biblia.

"Hakuna jibu sahihi wala jibu baya." Kidole kikasimama. "Kitu isiyo na jibu, munaniuliza ya nini?"

Mume wangu akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

"Wifi," nikasema, "hii kitu ni mwili wako. Ukichukua kemo, ni wewe utatapika. Usipochukua, ni wewe utakaa na wasiwasi. Sisi hatuwezi kuingia hapo."

"Ungekuwa weye?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa neno moja, ningelisema kwa pumzi moja, na angesema asante, na kesho yake angempigia daktari. Nililiangalia hilo neno. Kisha nikaangalia mikono yake juu ya kijitabu changu, mikono iliyowahi kuniletea sahani juu kitandani, nikasikia tena ile miguno ya jikoni.

"Mimi siwezi kuwa wewe," nikamwambia. "Uamuzi ni wako, wifi."

Nilisema kwa upole. Niliweka hata mkono wangu juu ya wake, kama tunavyofundishwa. Nilijua kwa Kiingereza maneno hayo ni heshima, na kwa Kiswahili cha nyumbani kwao ni mlango unaofungwa, nikayasema kwa Kiswahili. Nikikumbuka vizuri, na ninakumbuka vizuri, nilisikia raha. Ilianzia kifuani ikashuka.

Wifi akafunga kijitabu. Akamtazama mdogo wake, yule ambaye yeye alimbeba mgongoni. Mume wangu aliangalia vidole vyake. Nadhani alingoja mimi niendelee, naye hakujua aendelee vipi bila mimi.

"Basi munachoka na miye," wifi akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma kibandiko cha bei. Akafunga sufuria yake kwa lile taulo, ingawa sombe ilikuwa bado nyingi na siku zote alikuwa akituachia, akaomba apelekwe kituoni.

Mume wangu aliporudi aliniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia sheria ya kazi hainiruhusu kumshawishi mgonjwa. Aliamini. Ni mtu anayeamini karatasi.

Siku ya nne wifi alimpigia daktari mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha sokoni, akasema no chemo, thank you. Barua ikaja nyumbani kwake na nakala kwa daktari wake wa mtaa, akanipa niisome. Iliandikwa kwamba mgonjwa ameelezwa yote, ameshirikishwa kikamilifu, amefikia uamuzi unaolingana na anayoyathamini. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake, na tangu siku hiyo hakunikaribisha tena kwake.

Mwaka huohuo niliombwa kuzungumza na wauguzi wapya kuhusu kuamua pamoja na wagonjwa kutoka jamii zetu. Nikasimulia kisa cha mama mmoja Mkongomani ambaye kwao huamuliwa kila kitu na ndugu, na jinsi alivyosaidiwa, kwa kijitabu na kwa uvumilivu, akapata kuamua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Sikusema ni nani. Walinipigia makofi. Mmoja alifuta machozi, akasema anajivunia kufanya kazi na mimi, na mimi nikala biskuti zao.

Vidonge vya homoni wifi alivimeza kwa uaminifu, kila asubuhi, na chai. Ugonjwa ulirudi mwaka wa tatu, ukiwa umeshaingia kwenye ini na mifupa. Je, kemo ingeuzuia? Hakuna anayejua. Namba hazisemi hivyo, na mtu yeyote anayesema zinasema hivyo namwondoa kwenye kliniki yangu. Kuna wanawake waliochukua kemo na ugonjwa ukawarudia, na kuna waliokataa ambao leo wanabeba wajukuu. Nimejificha nyuma ya jambo hilo la kweli mara nyingi. Linatosha kumficha mtu, ila huwezi kulala humo.

Wakati huo alinikubali tena ndani ya nyumba, kwa sababu alihitaji mtu wa kutafsiri. Sikuwa tena belle-sœur wala mama wa Kenya. Hakuniita chochote. Alianza tu kuongea, na ilibidi nijue ni mimi anayeambiwa. Madaktari walipomletea njia mbili za matibabu, aliamua kabla sentensi haijaisha. Alikuwa hodari wa kuamua, wote walimsifu. Aliamua kuacha dawa mwezi wa tisa. Aliamua kuhamia hospisi, nyumba wanakotunzwa wanaokaribia kufa, badala ya kufia Handsworth, ili wapangaji wenzake wasiogope. Mume wangu alilia kwenye gari, akaniambia yaya amekuwa Mzungu.

Kule hospisi walikuwa na fomu. Muuguzi alikuja nayo asubuhi moja, mwanaume wa makamo mwenye sauti ndogo, akaketi upande wa pili wa kitanda. Mume wangu alikuwa kazini. Alisema wangependa kujua matakwa yake ya siku za mwisho: muziki, maombi, dirisha liwe wazi au lifungwe, na nani angependa awe naye chumbani. Nikatafsiri. Nyimbo za kanisa, akasema, lakini zisiwe kubwa. Dirisha lifungwe. Tukafika kwenye watu.

"Ndugu yangu," akasema. "Na mama pasta." Muuguzi akaandika. Wifi akavuta pumzi, maana kuongea kulishakuwa kazi. Aliangalia dari kama mimi nilivyoiangalia dari ile nyingine. "Weye hapana."

Nikaangalia karatasi ya muuguzi.

"Umuambie. Ile siku, weye usikuwe mu chumba. Ulinambia uamuzi ni wangu. Njo huu."

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye karatasi, kalamu imetulia, uso wa mtu anayengoja kwa heshima. Aliniuliza amesema nini.

Nilifikiria watu wa kanisani, na nitakayosimama kuwaeleza: muuguzi wa ukoo mzima, ameketi nje kwenye kiti cha wageni huku wifi yake anakata roho. Nilimfikiria mume wangu akiuliza kwa nini, na safari hii hakuna karatasi ya kumwonyesha. Nilifikiria pia, na hili naliandika mwisho kwa sababu lilikuja mwisho, kwamba nikikaa pale labda nitapata nafasi ya kumwambia neno nililomnyima ile Jumapili. Yote hayo yalipita kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika.

"Yes," nikamwambia muuguzi. "She says me as well. Her brother, the pastor's wife, and me."

Akaandika na jina langu. Akatabasamu, akasema wifi yangu ana bahati kuwa na mtu kama mimi, akatoka na fomu yake.

Wifi alikuwa amekaa Birmingham miaka mingi. Hakuwa na Kiingereza cha daktari, lakini aliuza, alinunua, aligombana na makondakta. Alijua yes ni nini, na me ni nini. Aligeuza kichwa kwenye mto akanitazama, kwa muda mrefu, bila hasira yoyote niliyoweza kuiona, nami nilitafuta. Sijui kama alikuwa na nguvu ya kubonyeza kengele iliyokuwa karibu na mkono wake. Hakuibonyeza.

"Mumeamua," akasema.

Kisha akasema asante, akafumba macho.

Alikaa siku tano zaidi. Siku ya mwisho mume wangu alikuwa kichwani, mama pasta miguuni akiimba kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa upande wa dirisha lililofungwa, nimeshika mkono wake. Hakuwa na uwezo wa kuuondoa. Sikumwambia lile neno. Nilikuwa na saa kumi na moja za kulisema, na kila nilipofungua mdomo nilimuuliza kama anataka maji.

Wamama wa kanisa wakikutana nami Soho Road hadi leo hunishika mikono yote miwili. Wanasema marehemu hakuachwa peke yake hata dakika moja, kwamba wifi wa namna hiyo hapatikani tena. Mmoja wao ni wa ile siku ya jikoni. Nami huwajibu asante, nikaingia dukani kununua nilichokifuata.